Mume wa Jelagat

Jioni za Januari, viazi vikishaiva na mbuzi wakishafungwa, Mwalimu Micah Kosgei alikuwa akitoa kigoda chake nje ya nyumba ya Chepngeno, akatazama juu na kuanza kusema. Chepngeno alimwacha aseme. Afadhali mtu wa kuzungumza mlangoni pako kuliko nyumba isiyo na sauti, hata kama mazungumzo yenyewe hayana kichwa wala miguu.

Micah alikuwa mtoto wa dada yake Kemboi, marehemu mume wa Chepngeno. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu na kupewa shule ndogo ya kanisa kwenye shamba la mzungu mmoja juu kidogo ya Molo, na kwa kuwa hakuwa na mke wala nyumba, alikaa kwa mke wa mjomba wake. Kutoka chuoni alirudi na shuka mbili, Biblia, magazeti ya sayansi aliyoachiwa na mwalimu mmoja Mwingereza, na homa ya nyota. Homa hiyo hata baridi ya Molo haikuweza kuipoza.

"Unaiona ile mioshi miwili, kule kusini, juu ya msitu?" aliuliza jioni moja.

Chepngeno aliiona. Alikuwa akiiona tangu utotoni, madoa mawili meupe yanayotokea wakati wa kiangazi, na siku zote alidhani ni moshi wa watu wasioonekana.

"Siyo moshi, mama. Kila mmoja ni galaksi. Ni boma zima la nyota, nyota zisizo na idadi. Na sisi tumo ndani ya boma letu. Ule mkanda mweupe hapo juu ndio boma letu, tunalitazama kutoka ndani."

"Mungu aliziumba siku ya nne," alisema Chepngeno, maana alikuwa Mkristo wa kubatizwa na hakupenda mtu acheze na mambo hayo.

"Aliziumba, na bado anaziumba." Micah alisogeza kigoda. Hapo ndipo alipopapenda. "Mwanzo palikuwa na wingu tu. Wingu kubwa sana, jembamba kuliko ukungu wa hapa. Likaanza kujikusanya kwa uzito wake lenyewe, mabonge kwa mabonge, na kila bonge likijikaza mpaka linapata joto na kuwaka. Hiyo ndiyo nyota. Maadamu boma lina wingu, linazaa nyota. Zile kubwa za rangi ya buluu zinakula haraka na kufa mapema, na zikifa zinarudisha vumbi, na vumbi hilo linaingia katika nyota zinazofuata. Kizazi kwa kizazi."

"Na wingu likiisha?"

"Likiisha, basi. Zinabaki nyota kuukuu, nyekundu nyekundu, zinawaka polepole. Ziko galaksi nyingi za namna hiyo. Ni duara, safi, hazina vumbi hata chembe. Wanasema ukizitazama kwa darubini ni nzuri sana. Lakini hazizai."

Alipolisema neno hilo, alisikia alichokisema. Akatazama vidole vyake vya miguu.

Chepngeno hakuwa amezaa. Laini nzima, ile safu ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, ilijua hivyo, na mashamba ya jirani pia. Kemboi alikufa bila mtoto, na kama nyumba ile haingepata mwana wa kiume, ng'ombe wake wangekwenda kwa ndugu yake Kiptanui, na jina la Kemboi lingeishia hapo. Kiptanui alikuwa ameshaanza kupita kuwatazama wale ng'ombe jioni, mikono nyuma, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Chepngeno alimchukia kwa hilo tu, kwa ile mikono nyuma.

"Kuna galaksi iliyoishiwa ikapata wingu tena?" aliuliza.

"Sijui, mama. Magazeti hayasemi."

"Kula, viazi vinapoa," alisema Chepngeno. Lakini usiku huo usingizi haukumjia. Alikuwa anafikiria jambo ambalo magazeti hayasemi lakini wazee wa kwao wanalijua vizuri sana.

Kwa Wakipsigis, mwanamke aliyepita umri bila mwana anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na tangu siku hiyo yeye ni mume. Watoto watakaozaliwa na msichana ni wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu, wanarithi. Kanisa lilikuwa limekataza kwa maneno makali, likiweka jambo hilo pamoja na pombe na uchawi, na Micah ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya kanisa kila Jumapili. Kwa hiyo Chepngeno hakumwambia kitu. Alimtuma mtu upande wa Salgaa, ambako alisikia kuna msichana aitwaye Jelagat aliyepata mimba na kijana mwenyewe akatokomea Nairobi.

Mvua za Machi zilipoanza, Jelagat aliletwa, tumbo limeshaanza kujitokeza, macho chini. Chepngeno alivishwa blanketi la kiume na kupewa fimbo. Wazee wakamwambia yanayompasa. Asiteke maji. Asikae jikoni. Akae na wanaume, aseme na wanaume. Asiingie penye mwanamke anayejifungua. Chepngeno alikuwa mkunga, nusu ya watoto wa laini ile walitua mikononi mwake kabla ya kutua duniani, lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa yamejaa neno moja tu, mtoto. Aliitikia kila kitu haraka haraka. Wangemwambia asipumue, angeitikia.

Jumapili iliyofuata Micah alisimama mbele ya kanisa akasoma kwamba dada Chepngeno ametengwa na Meza ya Bwana. Sauti yake ilikatika katikati, akakohoa kuifunika. Jioni alikuja kuchukua shuka zake. Mwalimu wa kanisa hawezi kulala kwa mtu aliyetengwa, angekaa katika stoo ya shule. Alisimama mlangoni na mzigo wake, hajui aage vipi.

"Sasa nikuite nani? Mjomba?"

Walicheka wote wawili, kicheko kizuri cha watu wanaopendana. Halafu akaondoka, na Chepngeno akakumbuka kwamba hakumpa viazi vya njiani.

Hapo ndipo upweke wenyewe ulipoanza, na ninaomba nisieleweke vibaya: hakuna aliyemtendea ubaya. Ubaya angeujibu, ulimi alikuwa nao. Wanawake walipita asubuhi na vikapu kwenda kuchuma maua ya pareto, wanacheka mpaka wafikapo kwake, wanamwamkia kwa adabu kama wanavyomwamkia mzee yeyote wa kiume, na kicheko kinaanza tena wakishapinda kona. Miaka yote alikuwa ndani ya kicheko hicho. Wanaume nao walimpa kigoda pembeni, wakamwuliza habari za ng'ombe, na wakitaka kusema mambo yao wanashusha sauti. Rafiki zake wa Kikuyu, ambao pengine wangekuja kwa kuibia, walikuwa wamepakiwa kwenye malori na serikali miaka mitatu nyuma, wakati wa hali ya hatari, wakapelekwa kwao, na nyumba zao mzungu alizitia nyasi za ng'ombe. Jelagat alimwogopa. Alipika, akaweka chakula mbele yake, akajiondokea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chepngeno alikula peke yake kama mwenye nyumba.

Micah alikuwa akipita, lakini haingii. Alisimama nje ya ua, Chepngeno ndani, na kwa kuwa walikuwa hawawezi kusema habari za kanisa wala habari za ndoa, walisema habari za galaksi. Hizo hazikuwa zimekatazwa na mtu.

Jioni moja ya Julai mawingu yalitawanyika, Micah akamwonyesha sehemu nyeusi katikati ya ule mkanda mweupe. Chepngeno alidhani ni mashimo, mahali Mungu alipobakisha bila nyota. Micah alisema hapana, hayo ni mawingu yenyewe, vumbi limesongamana mpaka limezuia mwanga wa nyuma, na humo, penye giza kuliko pote, wataalamu wanadhani ndimo nyota zinamotengenezwa.

"Sharti pawe na baridi," alisema. "Wingu lenye joto linatawanyika. Lililopoa ndilo linakubali kujikusanya."

"Basi Molo tungekuwa tumezaa nyota za kutosha."

Micah alicheka. Kisha akamweleza kwamba kuna wataalamu wanaosema galaksi mbili zinaweza kugongana. Zinapitana, moja ndani ya nyingine, na hata nyota moja haigusi nyingine, kwa jinsi nafasi zilivyo kubwa. Kinachogongana ni mawingu. Mawingu yanabaki nyuma katikati, na maboma yote mawili yanaendelea na safari yakiwa hayana kitu cha kuzalia.

"Hata moja haigusi?"

"Hata moja."

Chepngeno aliwaona akilini wanawake wakipita na vikapu vyao. Alimwona Jelagat akiweka sahani na kurudi nyuma. "Hao basi ni sisi, Micah," alisema, na Micah aliushika ule ua kwa mikono miwili asipate la kujibu. Kwa kweli lilikuwepo la kujibu. Angeweza kuruka ua.

Uchungu ulimshika Jelagat mwezi wa Agosti, baada ya saa sita mchana, wakati pareto imechanua na wanawake wote wako ng'ambo ya mto wakichuma kabla mvua haijashuka. Mwanamke pekee aliyebaki kwenye laini ni Nasimiyu, mke wa dereva wa trekta, mtu wa Bungoma aliyekuwa hajamaliza hata mwezi pale. Nasimiyu aliingia ndani kusaidia. Chepngeno alimtuma mtu mbio kuwaita akina mama wazee, kisha akafanya inavyompasa mume: alichukua kigoda, akakaa nje.

Micah alitoka darasani akaja. Safari hii aliingia ndani ya ua, akakaa kando yake. Mume akingoja mtoto hakai peke yake, na hilo hata kanisa lingemsamehe, au yeye mwenyewe asingeuliza. Alikuwa na hofu, na akiwa na hofu mdomo wake ulijua njia moja tu.

"Nyota ikijikusanya inachukua miaka mingi sana, mama. Mamilioni. Na haitoi sauti."

"Nyamaza, Micah."

Alikuwa anasikiliza. Masikio ya mkunga yanasikia kupitia ukuta. Alisikia uchungu ukija karibu karibu, kisha akasikia kitu alichokijua na kukiogopa: Jelagat anasukuma na hakuna kinachosogea. Ng'ambo ya mto hapakuonekana mtu. Mvua ilianza kudondoka.

Nasimiyu alitoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mama, kuja. Hii mtoto imetanguliza matako. Mimi sijawahi kuona namna hii."

"Siwezi kuingia," alisema Chepngeno.

"Kwa nini?"

"Mimi ni mwanaume."

Nasimiyu alimtazama, lile blanketi, ile fimbo, ule uso wa mwanamke mzee. Hakucheka. "Sawa, mwanaume," alisema. "Lakini huyu msichana anakufa."

Chepngeno alijua hesabu yake vizuri, wala asiseme mtu kwamba alipitiwa. Akiingia, yeye si mume tena. Ndoa imekwisha, nyumba ya Kemboi imekwisha, kila kitu alichokilipia kwa kanisa lake na rafiki zake kimekwenda bure. Asipoingia, atakuwa mume kamili, na pengine mume wa maiti. Alimgeukia Micah. Micah alitikisa kichwa kwamba hajui, macho yamejaa machozi, halafu akasema, "Mama." Hakusema mjomba.

Chepngeno alivua blanketi akaliacha juu ya kigoda na kuingia ndani.

"Usisukume sasa," alimwambia Jelagat. "Mimi nipo. Nitakwambia lini." Na Jelagat, ambaye kwa miezi yote hakuwahi kumtazama usoni, alimshika mkono kwa nguvu za kuuvunja. Mikono ya Chepngeno ilijua kazi yake. Alingoja pale pa kungoja, akakifunga kiwiliwili kwa nguo, akashusha bega moja, akashusha la pili, akainua. Mtoto alitoka wa kiume, mlegevu, rangi ya jivu, kimya. Nasimiyu akaanza kusali kwa lugha yao.

Kwetu mtoto huitiwa majina ya wafu wa nyumba ya baba, na akipiga chafya jina likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Hufanywa kwa utulivu, baadaye, akina mama wakiwa wamekusanyika. Chepngeno hakuwa na baadaye. Alimsugua yule mtoto mgongo, akampulizia puani, na huku akiyaita majina, la baba mkwe, la ndugu zake baba mkwe, mmoja mmoja, na mtoto akabaki vile vile. Mwisho aliita lile ambalo kwa miaka hakulitamka kwa sauti. "Kemboi."

Mtoto alipiga chafya. Kisha akavuta pumzi akalia, na alipoanza hakutaka kukoma. Chepngeno alikata kitovu, akamlaza juu ya kifua cha mama yake. Jelagat alikuwa amesikia, alimtazama Chepngeno na kutabasamu kwa uchovu. Nasimiyu alisikia pia, lakini kwake yalikuwa maneno tu ya Kikipsigis. Akina mama wazee walifika wamelowa chapachapa, wakamkuta Chepngeno ana wembe mkononi, wakatazamana.

Jioni ile Micah alibaki. Walikaa chini ya paa, mvua imekatika, mtoto analia ndani.

"Kuna kitu kingine nilisoma," alisema Micah taratibu. "Nyota kubwa ikishawaka, mwanga wake wenyewe unalisukuma lile wingu lililoizaa. Unalifukuza."

"Linakwenda wapi?"

"Linatawanyika."

"Na nyota?"

"Inabaki. Ndipo inapoonekana."

"Basi ni vizuri," alisema Chepngeno. Lakini hakuona kwamba ni vizuri, na mwalimu alijua.

Wazee walikaa siku chache baadaye, baada ya Jelagat kupata nguvu za kukaa. Haikuchukua muda. Mwanaume hakati kitovu, walisema, kwa hiyo Chepngeno ni mwanamke, kwa hiyo hakuna ndoa, kwa hiyo ng'ombe wa Kemboi ni wa ndugu yake. Walisema kwa upole, maana wengine wao wake zao walikuwa wamepita mikononi mwake. Kiptanui alisikiliza, mikono nyuma. Kisha akasimama.

"Kuna jambo moja," alisema. "Nasikia mtoto aliitiwa majina. Kama alipiga chafya kwa jina la ndugu yangu, basi mtoto ni wetu, ndoa iwepo isiwepo. Msichana amnyonyeshe kwangu mpaka amwachishe ziwa, halafu arudi kwao. Mtoto nitamlea mimi kama Kemboi. Chepngeno atuambie. Yeye hasemi uongo."

Ni kweli hakuwa msema uongo. Wazee wote walimgeukia.

Kila alichokitaka kiliwekwa mbele yake, kwa mkono wa mtu aliyemchukia. Angesema neno moja, na jina la Kemboi lingebaki duniani. Mtoto angekua nyumba ya tatu kutoka kwake. Angemwona akichunga, angemwona akienda shule kwa Micah, angeweza hata kumwita jina lile jioni, njoo ule viazi, na mtoto angekuja. Na ingekuwa kweli tupu.

Jelagat alikuwa amekaa chini, mtoto kifuani, amemfunika na shuka mpaka kichwani kama vile shuka ingemzuia mtu. Alimtazama Chepngeno tu.

"Nilimwitia majina yote ya nyumba yetu," alisema Chepngeno. "Na la Kemboi pia. Hakupiga chafya. Alilia mwenyewe tu."

Kiptanui alikaa. Mzee mmoja akasema basi, mtoto amwendee babu yake mzaa mama, apewe jina huko.

Asubuhi iliyofuata Jelagat aliondoka na lori la viazi linaloteremka Salgaa. Dereva alikuwa anapiga honi. Jelagat alimshika Chepngeno mikono, akataka kusema, na Chepngeno akamwambia apande, lori halingojei mtu. Wakapita wanawake wa pareto, na mmoja wao akasimama, akamwuliza kama anakuja, kikapu chake bado kipo. Alisema atakuja kesho. Micah naye alikuja adhuhuri kumwambia kwamba, ndoa ikiwa haipo tena, kanisa litamrudisha Mezani akitubu.

"Nitatubu nini?" aliuliza Chepngeno. Micah hakumwuliza habari ya chafya, ingawa siku ile alikuwa nje ya ukuta ule mwembamba na masikio yake ni mazuri.

Jioni aliwasha moto, akamenya viazi, akagundua amemenya vya watu wawili. Akavipika vyote. Baridi ilikuwa imeingia, akafunga mlango, akakaa karibu na moto mikono magotini. Nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyopata kuwa. Chepngeno aliinua kichwa akaliita jina la mumewe, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili, kisha akangoja, akisikiliza.